Vimelea vya Mbweha: Kinachotisha na Kinachoua

Mbweha mwenye upele hana rafiki. Manyoya yamempukutika mkiani na mapajani, ngozi imekakamaa na kupasuka kama gome la mti mkavu, macho yameziba kwa usaha, naye hutembea mchana kweupe kwa kuwa njaa imemwondolea woga. Akiingia bustani ya mtu huko Uingereza, watoto huitwa ndani haraka. Mbweha mwingine anakatiza barabara ya Zurich usiku, manyoya mekundu yanang'aa, mkia umejaa, na watu wanatoa simu kumpiga picha. Yule wa kwanza si tishio kubwa kwa binadamu. Huyu wa pili anaweza kuwa na maelfu ya tegu utumboni, na mtu akimeza mayai ya tegu hao huweza kumlea mgeni ndani ya ini lake miaka kumi asijue.

Suala zima la vimelea vya mbweha limekaa kwenye kosa hilo la macho. Tunampima mnyama kwa sura yake, tunamwogopa anayeonekana mgonjwa na kumwamini anayeonekana mzima. Kuna kosa la pili linalofuata la kwanza: tukishajua kwamba mbweha amebeba kitu kibaya, jibu la haraka huwa bunduki. Ushahidi wa miaka mingi, kutoka Japani hadi Ufaransa, unaonyesha kwamba mara nyingi ni binadamu aliyekihamisha kimelea au kukitengenezea makazi, na kwamba kuua mbweha, isipokuwa kwenye kisiwa kidogo, hakujasaidia.

Neno mbweha kwetu Afrika Mashariki limebeba wanyama kadhaa: mbweha wa mgongo mweusi, mbweha miraba, hata yule mwenye masikio makubwa anayekula mchwa Serengeti. Mbweha ninayemzungumzia hapa zaidi ni yule mwekundu, Vulpes vulpes, anayepatikana kuanzia Ireland hadi Japani, na kusini hadi bonde la Nile nchini Misri. Kati ya wanyama mwitu walao nyama wa nchi kavu, hakuna aliyeenea kuliko yeye. Anakula panya, matunda, mizoga, konokono na mabaki ya jalalani, na kila chakula kati ya hivyo kinaweza kuwa lango la kimelea.

Nianze na upele, kwa sababu ndio unaoonekana. Huletwa na mdudu aitwaye Sarcoptes scabiei, wa ukoo mmoja na kupe, ila mdogo kiasi kwamba jicho tupu halimpati. Spishi hiyohiyo ndiyo inayowasumbua wanafunzi wetu wa shule za bweni, wale wanaopakwa dawa ya BBE kuanzia shingoni hadi nyayoni huku mashuka yakichemshwa. Aina ya mbweha imezoea ngozi ya jamii ya mbwa. Ikimpata mtu humwasha kwa muda, kisha hufa bila kuacha kizazi. Kwa mbweha mambo ni mengine. Jike huchimba njia ndani ya ngozi na kutaga humo, na katika wiki mbili au tatu kizazi kipya kinakuwa tayari kuchimba. Mbweha hujikuna hadi anajitoa damu, bakteria huingia kwenye vidonda, manyoya yaliyokuwa yakimkinga na baridi humwisha, mafuta ya mwili yanaungua, na baada ya miezi michache anakufa. Ugonjwa husafiri kwa miili kugusana na kwa mapango yanayotumiwa kwa zamu.

Hakuna mahali palipoonyesha nguvu ya mdudu huyu kama jiji la Bristol, Uingereza. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol, chini ya Stephen Harris, walikuwa wamewafuatilia mbweha wa jiji hilo tangu miaka ya 1970; mbweha hao walikuwa wakiishi humo kwa msongamano mkubwa sana. Upele ulifika mwaka 1994. Katika muda wa miaka miwili hivi, zaidi ya asilimia 95 ya mbweha hao walikuwa wamekufa. Msongamano uliokuwa fahari ya jiji ndio uliokuwa barabara ya mdudu. Katika kisiwa cha Bornholm, Denmark, upele ulifagia mbweha wote.

Skandinavia nayo ilipata somo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga. Upele uliingia Sweden kutoka upande wa Finland katika miaka ya 1970 na kuenea karibu nchi nzima katika muongo uliofuata. Mbweha walipopungua, sungura mwitu waliongezeka, ndege wa porini wa jamii ya kwale waliongezeka, na watoto wa paa walinusurika kwa wingi zaidi. Kabla ya hapo wanasayansi walikuwa wakibishana kama kweli mbweha huzuia idadi ya wanyama hao au hula wale tu ambao wangekufa hata hivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulilijibu swali hilo: mdudu asiyeonekana alikuwa amempunguza mwindaji, na msitu mzima ukabadilika.

Upele basi ni adui wa mbweha, na mbweha anayeuugua ana haki ya kuhurumiwa. Mahali pengine huruma hiyo imegeuka kuwa kazi ya lazima. Huko California, mbweha mdogo wa San Joaquin, ambaye yuko hatarini kutoweka, alipata kimbilio katika jiji la Bakersfield. Mwaka 2013 upele ukamfuata humohumo. Katika kisiwa cha Mednyi, Urusi, wadudu wa masikio, wanaoaminika kuletwa na mbwa wa watu, waliangamiza sehemu kubwa ya mbweha weupe wa kisiwa hicho katika miaka ya 1970. Aina ya mbweha weupe ambayo haiko popote pengine duniani ilikaribia kuisha kwa sababu ya kitu kilichoshuka na mbwa kutoka kwenye mashua.

Sasa turudi kwa yule mbweha mzuri wa Zurich.

Tegu wake anaitwa Echinococcus multilocularis. Ukisikia tegu unafikiria ule utepe mrefu wa mita kadhaa unaotokana na nyama isiyoiva. Huyu hana hata nusu sentimita: urefu wake ni milimita mbili hadi nne, pingili zake kwa kawaida tano. Hujishikiza kwenye utumbo mwembamba wa mbweha, na mbweha hahisi chochote. Hakondi, hakohoi, hazai watoto dhaifu. Mayai hutoka na kinyesi na kusambaa kwenye nyasi. Panya wa mashambani mwenye mkia mfupi anayekula majani na mizizi huyameza, kiluwiluwi hutoboa utumbo, hufuata damu hadi kwenye ini, na hapo huchipuka vijifuko juu ya vijifuko mpaka ini la panya linajaa. Panya mgonjwa hana mbio. Mbweha humla, na duara linafungika.

Binadamu hayumo katika duara hilo. Akimeza yai, kwa mkono uliogusa manyoya ya mbwa, kwa udongo wa bustani, au kwa tunda la porini lililookotwa chini, kiluwiluwi humtendea kama panya. Tofauti ni muda. Panya huishi miezi, binadamu huishi miaka, kwa hiyo uvimbe hukua polepole, miaka mitano, kumi, hata kumi na tano, ukila ini kutoka ndani na wakati mwingine kurusha vipande kwenye mapafu au ubongo. Unatenda kama saratani, na madaktari wa Ujerumani wa karne ya 19 waliuita saratani mpaka Rudolf Virchow alipoonyesha, katikati ya miaka ya 1850, kwamba ni kazi ya kimelea. Bila matibabu, zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa hufa ndani ya miaka kumi hadi kumi na tano tangu wagunduliwe. Tiba ni kukata sehemu ya ini ikiwezekana, kisha albendazole, mara nyingi kwa maisha yote.

Albendazole tunaijua. Ni ile tembe ya minyoo ambayo mwalimu humpa mtoto darasani, moja, siku moja, basi. Mgonjwa wa tegu wa mbweha huimeza kila siku kwa miaka, na hata hivyo mara nyingi dawa haimuui kiluwiluwi. Inamzuia tu asikue. Sijui njia nyepesi zaidi ya kumweleza msomaji wetu uzito wa ugonjwa huu.

Mayai nayo ni magumu. Jokofu la nyumbani lenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri haliyaui. Maabara hulazimika kuyagandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kabla ya kugusa utumbo wa mbweha. Dawa za kawaida za kusafishia sakafu hayazijali. Yanachoogopa ni joto na ukavu. Kupika kunayaua. Kwenye udongo wenye baridi na unyevu yanaweza kuishi miezi mingi.

Nani aliyafikisha mayai haya kila mahali? Kisiwa cha Rebun, kaskazini mwa Japani, kinajibu kwa uwazi wa kuumiza. Kati ya mwaka 1924 na 1926 mbweha waliletwa huko kutoka visiwa vya Kuril ili wapunguze panya, na pia kwa ajili ya ngozi zao. Walikuja na tegu. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa miaka kumi na kitu baadaye, katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, muda uleule ambao ugonjwa huu huchukua kukomaa. Wavuvi na familia zao waliendelea kuugua kwa miongo. Hatimaye mbweha na mbwa wa kisiwa waliondolewa wote, na kimelea kikatoweka Rebun. Hapo bunduki ilifaulu, kwa kuwa bahari ilizuia mbweha wengine kuingia. Lakini katikati ya miaka ya 1960 wagonjwa walianza kuonekana mashariki ya kisiwa kikuu cha Hokkaido, na kimelea kikaenea kisiwa kizima. Leo mtalii anayekwenda Hokkaido huonywa asiwalishe mbweha na asinywe maji ya kijito bila kuyachemsha.

Svalbard, karibu na ncha ya kaskazini, mbweha weupe walikuwepo tangu zamani, na panya hawakuwepo. Bila panya tegu hawezi kukamilisha maisha yake. Panya waliletwa na meli katika karne ya 20, na mwaka 1999 tegu alikutwa huko. Katika jimbo la Gansu, China, misitu ilifyekwa, vichaka na nyasi vikaota, panya wakastawi, na uchunguzi wa miaka ya 1990 ukakuta vijiji vyenye wagonjwa wengi mno. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2010 yanaweka wagonjwa wapya duniani kuwa zaidi ya 18,000 kila mwaka, asilimia 91 kati yao wakiwa China, wengi wakiwa wafugaji wa nyanda za juu ambao mbwa wao hula panya walewale wanaoliwa na mbweha.

Ulaya ya kati ina kisa chake, na hiki ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu kilianza na jambo jema. Kichaa cha mbwa kilikuwa kikiua mbweha na kuwatishia watu. Miongo kadhaa serikali zilijaribu kuwapiga risasi na kuwavutia gesi mapangoni, bila mafanikio. Oktoba 1978, Uswisi ikajaribu kitu kipya katika bonde la mto Rhône: vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo vilitawanywa porini, mbweha wakavila, ugonjwa ukasimama. Njia hiyo ilienea. Uswisi ilitangazwa kuwa huru na kichaa cha mbwa mwaka 1999, Ufaransa 2001, Ujerumani 2008. Ni moja ya kazi bora kabisa zilizowahi kufanywa kwa wanyama mwitu.

Lakini mbweha ambao wangekufa kwa kichaa sasa waliishi. Waliongezeka, wakajaa mashambani, wakahamia mijini ambako makaburi, bustani na reli ni makazi, na taka ni chakula. Tegu akaja nao. Utafiti wa Zurich ulikuta karibu nusu ya mbweha waliochunguzwa jijini wakati wa baridi wakiwa naye. Wagonjwa wa ini walifuata, kwa ucheleweshaji uleule wa miaka: kiwango cha Uswisi kilipanda kutoka mtu 0.10 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika kipindi cha 1993 hadi 2000, hadi 0.26 katika kipindi cha 2001 hadi 2005. Namba hizi bado ni ndogo. Hakuna sababu ya kujuta kuhusu chanjo, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayenusurika. Kinachonisikitisha ni kwamba mafanikio yalishangiliwa, na watu wachache mno waliuliza mapema ni nini kingine kitakachoishi mbweha wakiishi.

Tufanye nini, basi? Karibu na mji wa Nancy, mashariki mwa Ufaransa, walijaribu risasi kwa miaka minne, wakiwinda usiku. Mbweha hawakupungua. Nafasi ya kila aliyeuawa ilijazwa na kijana aliyehama kutoka eneo jirani, na mbweha vijana ndio wanaobeba tegu wengi zaidi. Kiwango cha maambukizi kilipanda kutoka asilimia 40 hadi 55. Yaani waliongeza tatizo walilokusudia kulipunguza. Anayependekeza tena kuwaua mbweha kwa ajili ya tegu anatakiwa kwanza aeleze kwa nini kwake matokeo yatakuwa tofauti.

Njia iliyofanya kazi ni ndugu wa vile vichwa vya kuku: chambo chenye praziquantel. Dawa hii nayo haihitaji utambulisho kwetu. Ndiyo inayotolewa Mwanza, Kisumu na Unguja dhidi ya kichocho. Zurich walitawanya chambo 50 kwa kila kilomita ya mraba kila mwezi, na vinyesi vyenye dalili za tegu vilishuka kutoka karibu asilimia 39 hadi chini ya asilimia 6. Kilichoshindikana ni kuudumisha ushindi huo. Chambo kikisimamishwa, mbweha hula panya wenye viluwiluwi, na hali hurudi ilikokuwa. Dawa humtoa tegu. Haimkingi mbweha asimpate tena. Kwa hiyo ni gharama isiyo na mwisho, na miji michache imekubali kuibeba. Nadhani katika bustani za watu na viwanja vya watoto gharama hiyo inastahili. Kwa misitu yote ya Ulaya, haiwezekani.

Kinachobaki ni mbwa. Mbweha hamlambi mtoto usoni, wala halali kitandani mwa mtu. Mbwa aliyekula panya hufanya hayo yote. Tegu huchukua karibu wiki nne tangu ameingia mpaka aanze kutoa mayai, ndiyo maana mbwa mwindaji wa panya katika maeneo hayo hupewa praziquantel kila mwezi: anatibiwa kabla hajaanza kusambaza. Uingereza, ambayo haina tegu huyu, hudai mbwa anayeingia awe amepewa dawa na daktari wa mifugo kati ya saa 24 na 120 kabla ya kufika. Sweden ilimgundua tegu kwa mbweha wake mwaka 2011, ingawa ukaguzi ulikuwepo. Ulinzi wa mpakani hupunguza hatari, hauiondoi.

Kuna vimelea vingine ambavyo mbweha na mbwa hupeana, na nitavipitia kwa kifupi. Angiostrongylus vasorum ni mnyoo wa mishipa ya mapafu anayepitia kwa konokono na makoa. Kwa mbweha wa Uingereza alipanda kutoka asilimia 7 hivi katikati ya miaka ya 2000 hadi 18 miaka minane baadaye. Mbweha wengi humvumilia, ilhali mbwa anaweza kuvuja damu hadi kufa. Toxocara, mchango wa mbwa, huweza kuingia jicho la mtoto anayecheza mchangani. Trichinella huishi ndani ya misuli na hupita kwa mzoga.

Msomaji wa Nairobi au Dodoma anaweza kusema haya ni ya Wazungu na Wachina. Tegu wa mbweha hajulikani kuishi kwetu, ni kweli. Ndugu yake wa damu, Echinococcus granulosus, yupo, na Turkana, kaskazini magharibi mwa Kenya, iliwahi kuwa na kiwango cha wagonjwa kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa kuwahi kurekodiwa duniani: karibu watu 200 kati ya 100,000 walifikishwa kwenye upasuaji kila mwaka katika sehemu zilizoathirika zaidi. Huyu hujenga fuko moja kubwa la maji, kwenye ini au mapafu, hadi tumbo la mtu linavimba kama la mjamzito. Mbweha wa Turkana wamekutwa naye. Lakini duara lake kuu ni mbwa na mbuzi, kondoo na ngamia, na zaidi ya nusu ya mbwa waliochunguzwa huko walikuwa wamembeba. Mahali ambapo maji ni adimu, mbwa alikuwa msaidizi wa mama katika kumsafisha mtoto kwa ulimi. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Jua la Turkana huyaua mayai upesi, ila kwenye kivuli cha kibanda na kando ya kisima hudumu, na hapo ndipo watu wanapokaa.

Shirika la afya la Amref lilianza mradi wa udhibiti huko mwaka 1983: mbwa walipewa praziquantel kila baada ya wiki sita, waliozurura walipunguzwa, na mashine za ultrasound zilibebwa hadi kambi za wafugaji ili mafuko yaonekane kabla hayajapasuka. Hakuna aliyependekeza kuwamaliza mbweha wa Turkana. Waliangalia duara, wakachagua pale panapokatika.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linawahusu watu wawili. Wewe unayeishi Zurich, Munich au Sapporo na mbwa wako hufukuza panya: mpe dawa kila mwezi, na mboga zilizoota chini uzioshe vizuri au uzipike. Na wewe unayechinja mbuzi Lodwar, Lokichoggio, Loliondo au popote pengine: ini au pafu lenye fuko la maji usimtupie mbwa. Lichome moto, au lizike mahali ambapo mbwa hawezi kulifukua.